Kipimo cha kwanza ni neno la mtoaji

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii ilikusudiwa kumwonya mgonjwa mwenyewe: ukificha utaumbuka, na kilio kitakuwa nyumbani kwako. Lakini upo wakati mmoja ambapo mtu huficha maradhi na kilio kikaangukia nyumba nyingine. Wakati huo ni pale anapotoa sehemu ya mwili wake ili apewe mwenzake. Kwa miaka mingi sehemu hiyo imekuwa ni damu. Siku hizi ni figo pia.

Mwezi Novemba mwaka 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao kutoka India. Mwezi Machi mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikafuata, safari hii kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji figo alilazimika kupanda ndege kwenda India, na asiye na uwezo wala kibali cha Serikali alibaki kumwomba Mungu. Hii ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo kila hatua ina swali lake, na swali la hatua hii ni hili: kiungo kinapohama kutoka mwili mmoja kwenda mwili mwingine, ni kitu gani kingine kinachohama nacho?

Jibu la swali hilo tusilitafute mbali. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tulikwisha kufundishwa somo hili, na tulilipia ada kubwa. Somo lenyewe lilikuja kwa njia ya damu.

Watu wengi hatufikirii hivyo, lakini kumwongezea mtu damu ni kumpandikiza sehemu ya mwili wa mwingine. Ni upandikizaji wa zamani kuliko ule wa figo. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, alieleza kwamba damu za watu zina makundi, na toka hapo ikawezekana kuchagua damu isiyopingana na mwili wa anayeipokea. Figo ya kwanza iliyofanikiwa kuhamishwa ilipatikana mwaka 1954 huko Boston, Marekani, ambako pacha mmoja alimpa pacha mwenzake. Kwa hiyo wakati madaktari wa figo wanaanza kazi yao, madaktari wa damu walikuwa na uzoefu wa nusu karne. Makosa karibu yote tunayopaswa kuyaogopa kwenye figo yalikwisha kufanyika kwenye damu.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, juu ya kile kilima kinachoutazama mji wa Mwanza. Wagonjwa walikuja kutoka kila upande wa ziwa: wengine kwa mashua na meli kutoka Ukerewe, wengine kwa pantoni kutoka Sengerema na Geita, wengine kwa barabara kutoka Magu na Shinyanga. Wakati huo, Bugando na kwingineko nchini, damu haikuwa ikingoja mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyeingoja damu. Mama akitokwa damu wakati wa kujifungua, au mtoto akiishiwa damu kwa malaria, daktari aliwageukia jamaa waliomleta na kuwaambia: leteni watu watoe damu. Mjomba, kaka, jirani aliyesaidia kubeba machela, hao ndio waliokuwa benki ya damu. Utaratibu huo uliwaokoa wengi, wala haukuwa wa ujinga. Ulikuwa utaratibu wa watu wenye mgonjwa mahututi na wasio na jokofu lenye akiba.

Ndipo ulipofika mwaka 1983. Katika mkoa jirani wa Kagera waligunduliwa wagonjwa watatu wa maradhi mapya, wa kwanza kutambuliwa katika Tanzania. Maradhi hayo ndiyo tuliyokuja kuyaita UKIMWI. Miaka michache tu baadaye mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima wapatao 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Hebu tulitafakari hilo kwa hesabu ya kawaida. Kama mtoto alihitaji chupa moja ya damu, na jamaa wanne wa mjini wakajipanga kumtolea, basi kwa wastani mmoja wao alikuwa amebeba virusi bila mwenyewe kujua.

Na njia ya damu haina huruma. Katika njia nyingine za maambukizi mtu anaweza kuponea chupuchupu mara nyingi. Lakini ukitiwa chupa nzima ya damu yenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa unazidi 9 kati ya 10. Waliotiwa damu kwa wingi hawakuwa watu wa starehe walionyooshewa vidole mitaani. Walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano wenye malaria, na akina mama wazazi. Waliingia wodini na ugonjwa mmoja unaotibika, na baadhi yao wakatoka na mwingine ambao siku zile haukuwa na dawa.

Dunia ikaleta kipimo. Mwaka 1985 vipimo vya kutambua virusi katika damu vilianza kutumika Marekani, na taratibu vikafika hospitali zetu. Watu wakashusha pumzi. Wengi walidhani kwamba tatizo limekwisha, maana sasa mashine itasema ukweli hata kama mtu hakuusema.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kipimo ni kitu cha lazima, lakini kipimo kina upofu wake. Vipimo vile vya awali havikuwa vikitafuta virusi vyenyewe. Vilitafuta askari ambao mwili hutengeneza kupambana na virusi. Askari hao huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Katika wiki hizo mtu ana virusi tele, anaweza kumwambukiza mwingine, na kipimo kinasema yu salama. Vipimo vya kisasa vinavyotafuta chembe za urithi za virusi vimelipunguza pengo hilo hadi siku 10 hivi, lakini hata hivyo pengo halijaisha.

Mfano wa upofu huo ulitokea Marekani, nchi yenye maabara za kila aina. Mwaka huo huo wa 1985, mtu mmoja alifariki katika jimbo la Virginia na viungo vyake vikatolewa ili visaidie wengine. Damu yake ilipimwa, ikaonekana haina virusi vya UKIMWI. Viungo na tishu zake vikagawiwa kwa wagonjwa wengi. Miaka ilipita ndipo madaktari walipogundua kilichotokea, na mwaka 1992 wakaandika taarifa yao. Katika wapokeaji 41 waliopimwa, 7 walikuwa wameambukizwa: wote 4 waliopewa viungo kamili, na 3 waliopewa mfupa ambao haukuwa umesafishwa kwa dawa. Mtu yule alikuwa ndani ya zile wiki za upofu. Mashine haikukosea kazi yake. Iliulizwa swali ambalo haikuwa na uwezo wa kulijibu.

Ni nani basi angeweza kulijibu? Ni mtoaji mwenyewe, kama angekuwa hai na akaulizwa. Yeye peke yake ndiye ajuaye alikuwa wapi mwezi uliopita, alilala na nani, alichomwa sindano gani, alipata homa gani. Maelezo ya mtoaji yanafika mahali ambapo kipimo hakifiki. Ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza ni neno la mtoaji.

Lakini neno la kweli halitoki kwa mtu aliyebanwa. Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha ni Mwingereza mmoja ambaye wazee wa Wizara ya Afya walimfahamu. Jina lake Richard Titmuss. Mwaka 1964 yeye na wenzake walichapisha taarifa ndefu juu ya huduma za afya za Tanganyika. Miaka sita baadaye, mwaka 1970, akatoa kitabu kuhusu damu, akilinganisha Uingereza, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako wakati ule nyingi ilinunuliwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Anayeuza damu ana sababu ya kuficha maradhi yake, kwa kuwa akisema kweli atakosa fedha. Anayetoa kwa hiari hana sababu hiyo. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani likazihimiza nchi zote zijenge huduma ya damu juu ya watoaji wa hiari wasiolipwa.

Huku kwetu ndugu wa mgonjwa hakulipwa fedha. Lakini tusijidanganye kwamba alikuwa huru. Malipo yake yalikuwa heshima, na adhabu yake ilikuwa aibu. Mfikirie kijana aliyeitwa na ukoo kumtolea damu shangazi yake. Wazee wamekaa kwenye majani nje ya wodi wanamtazama. Moyoni anajua kwamba mwenendo wake wa miezi ya karibuni una mashaka. Akikataa, wataanza kuulizana: ana nini huyu? Je, hampendi shangazi, au ameathirika? Basi kijana anakunja shati na kunyoosha mkono, akitumaini kwamba maabara itamkamata. Maabara nayo inatumaini kwamba asingekuja kama angekuwa na mashaka. Kila mmoja amemwachia mwenzake mzigo, na shangazi yuko katikati.

Hivyo basi desturi yetu nzuri ya kusaidiana ilikuwa na tundu. Tulisema damu ni nzito kuliko maji, tukasahau kwamba uzito huo unaweza kumziba mtu mdomo.

Madaktari wa mkoa wa Mwanza waliliona tatizo mapema, nao wanastahili kutajwa katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wao pamoja na watafiti waliochunguza hospitali za mkoa walikagua jinsi damu ilivyokuwa ikitolewa, na taarifa zao zikachapishwa mwaka 1993. Waliuliza swali ambalo halikuwa limezoeleka: je, wagonjwa wote hawa walihitaji damu kweli? Wakakuta kwamba baadhi hawakuihitaji. Wangepona kwa dawa za malaria, vidonge vya kuongeza damu na uangalizi wa karibu. Wakakubaliana mwongozo wa pamoja wa lini damu itolewe na lini isitolewe, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo ya mabadiliko hayo. Ng'ambo ya ziwa, katika hospitali ya Siaya nchini Kenya, uchunguzi wa miaka ya 1989 na 1990 ulikuwa umefikia jambo linalofanana na hilo: damu iliwaokoa watoto walioishiwa kabisa na kuhema kwa shida, hasa ilipotolewa upesi, bali kwa wale ambao upungufu wao haukuwa mkubwa faida haikuonekana. Chupa ya damu ambayo haikuhitajika haiwezi kumwambukiza mtu, kwa kuwa haikutundikwa.

Wakati huo huo Uganda ilikuwa ikiijenga upya benki yake ya damu pale Nakasero, Kampala, kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya. Waganda waliamua kuwafuata watoaji badala ya kuwangoja hospitalini, wakaenda hasa kwenye shule za sekondari. Zimbabwe mwaka 1989 vijana walianzisha klabu ya watu wanaoahidi kutoa damu mara 25, ahadi ambayo ilimfanya kijana alinde mwenendo wake ili aweze kuitimiza. Kenya ilichelewa. Watafiti waliochunguza hospitali sita za Serikali mwaka 1994 walikadiria kwamba kiasi cha chupa 2 katika kila 100 zilizotiwa wagonjwa zilipitisha virusi, ingawa upimaji ulikuwapo. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, majeruhi walipohitaji damu nyingi kwa mpigo, haja ya kuwa na akiba ya taifa ikaonekana wazi, na mwaka 2001 huduma ya taifa ya damu ikaundwa.

Sisi Tanzania Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004. Vituo vya kanda vikajengwa, na kituo cha Kanda ya Ziwa kikawekwa hapa Mwanza. Damu inakusanywa mashuleni, vyuoni, makanisani na misikitini, kisha inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina ya B na C, na kaswende. Kabla sindano haijaingia mkononi, mtoaji anaketi na mhudumu na kuulizwa maswali faraghani. Akijiona hafai anaondoka zake, wala hakuna mzee wa ukoo anayemngoja mlangoni. Faragha hiyo haigharimu hata shilingi moja, na bado ni kinga kubwa.

Sasa turudi kwenye figo. Kwa figo hatuwezi kufanya kama tulivyofanya kwa damu, yaani kuachana na ndugu na kwenda mashuleni. Hapa kwetu mtoaji wa figo ni ndugu aliye hai, naye ndiye anayetakiwa, maana figo ya ndugu hukubaliana zaidi na mwili wa mpokeaji. Kwa maneno mengine, upandikizaji wa figo unaturudisha palepale penye tundu: ukoo umekaa kikao, macho yamemwelekea mmoja, na huyo mmoja anaona aibu kusema.

Hatari yenyewe ni kubwa zaidi kwa upande mmoja. Anayepandikizwa figo hunywa dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili maisha yake yote ili mwili usiikatae figo ya mgeni. Mdudu ambaye kwa mtu mwenye kinga kamili angelala usingizi, kwa huyu huamka. Kifua kikuu kilichojificha, homa ya ini, malaria iliyo katika damu ya mtoaji bila dalili, vyote hivyo vinaweza kusafiri. Na sisi watu wa ziwani na mabwawani tuna kichocho chetu, ambacho mtu anaweza kukaa nacho toka alipokuwa mtoto akioga na kuvua. Kichocho si lazima kimwondoe mtu katika orodha ya watoaji. Kinatibika, na kama hakijaharibu njia ya mkojo au figo, mtu anaweza kutibiwa kwanza na kutoa baadaye. Lakini daktari hatakitafuta kwa bidii kama mtoaji hakusema kwamba alikulia Ukerewe.

Kwa upande mwingine, figo inatupa kitu ambacho damu haikutupa, nacho ni muda. Mama anayetokwa damu hana saa mbili. Mgonjwa wa figo anaweza kuendelea kuishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, huduma ambayo siku hizi inapatikana hata Bugando. Ni ya gharama na ya kuchosha, lakini inatoa nafasi ya kumchunguza mtoaji bila pupa, kumtibu, na kumpima tena siku chache kabla ya upasuaji ili lile pengo la upofu liwe dogo. Inatoa pia nafasi ya kumchanja mpokeaji dhidi ya homa ya ini kabla hajapandikizwa. Makosa ya damu yalisababishwa na haraka. Kwenye figo hatutakuwa na kisingizio hicho.

Yupo atakayesema: vipimo vya leo ni vizuri mno, maswali ya nini? Tumjibu kwa mfano wa karibuni. Mwaka 2007 huko Chicago, wagonjwa wanne waligundulika kuambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina ya C kutokana na viungo vya mtoaji mmoja ambaye vipimo vyake vilikuwa safi. Ilikuwa miaka 22 baada ya Virginia, na mashine zilikuwa bora zaidi.

Nini basi tufanye? Kwanza, ukoo ukikutana kumtafuta mtoaji, umwombe mtu wala usimteue. Aliyeombwa anaweza kukataa. Aliyeteuliwa hujitetea kwa uongo. Pili, mtoaji azungumze na daktari peke yake, bila mume, bila baba, bila kaka mkubwa. Katika hospitali nyingi duniani, mtu akikataa faraghani, daktari huwaambia jamaa neno moja tu: huyu hafai kitabibu. Hatoi sababu, na wala wasiombe sababu. Neno hilo humhifadhi mtu aibu na humhifadhi mgonjwa maradhi. Ni vyema sisi jamaa tujifunze kulipokea na kunyamaza. Tatu, wewe uliye na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito wa zaidi ya kilo 50 na afya njema, nenda ukatoe damu kabla hujaitwa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kila chupa iliyo tayari jokofuni humwondolea kijana mmoja mtihani wa kusimama mbele ya wazee wake akiwa na siri moyoni.

Watoto waliotiwa damu katika wodi za Kagera na Mwanza katika miaka ile hawakuulizwa kama wanakubali kuwa somo kwa taifa. Kuwaenzi ni kuhakikisha kwamba anayelala leo kwenye kitanda cha upasuaji, akingoja figo ya nduguye, anapokea figo tu.